Gofu, Hame na Mzimu

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo mtu asiyeyaangalia sana huweza kuyadhani kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Gofu ni jengo lililobaki kuta tupu baada ya paa kuanguka na wenyewe kwenda zao. Hame ni mahali palipokuwa na watu, wakahama. Hata kama hapana ukuta mmoja uliosimama, hame ni hame. Mzimu, katika maana yake ya mahali, ni pango au mti au jabali ambapo watu hupeleka sadaka na maombi kwa waliotangulia, wala hapo hapajahamwa. Kila mojawapo hutia hofu kwa namna yake, na mimi nadhani kuwa anayetaka kubuni majengo ya kuogofya bila ya kuzipambanua namna hizo atapata kushtua watu, lakini hatapata kuwaogofya. Kushtuka hukoma mara moja. Hofu huendelea na mtu njiani.

Yaliyonifanya niandike haya ni mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Mchezo huu ulianza kuonekana mwaka 2009, ukiwa kazi ya Markus Persson wa Sweden. Toleo lake kamili lilitoka mwaka 2011, na kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Dunia yake yote imejengwa kwa michemraba, kila mmoja mita moja kila upande: udongo, mawe, maji na miti. Mchezaji huvunja mchemraba hapa akauweka pale, na kwa kazi hiyo hujipatia nyumba, shamba au mji. Hakuna mtu aliyekaa akaichora milima ya dunia hiyo. Mashine hupewa tarakimu moja tu, nayo huitumia kama mbegu. Humo huota mabonde, mapango, mbuga na bahari, na pamoja nayo majengo ambayo mchezaji hayakuyajenga: mahekalu ya jangwani, migodi iliyoachwa, vijiji visivyo na watu. Majengo haya ndiyo shabaha yangu. Nayahukumu kama vile ningehukumu hadithi, maana jengo tupu ni hadithi iliyoachwa na msimulizi wake, na msomaji hulazimika kuisoma kwa miguu.

Yafaa kwanza tujue jinsi yanavyozaliwa. Ardhi ya mchezo hugawanywa katika miraba mikubwa, na katika kila mraba mashine huchagua mahali pamoja kwa bahati, ikatazama kama nchi ya hapo yafaa, kisha ikalisimamisha jengo. Kwa vijiji, katika matoleo ya karibuni, upande mmoja wa mraba ni vipande 34, na kila kipande ni michemraba 16. Tangu mwaka 2019 vijiji huunganishwa kwa sehemu zilizotengenezwa mbali mbali, chumba kikitafuta mlango unaolingana na wake, kama mtoto anavyopanga vipande vya picha iliyokatwa. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini msomaji ataona upungufu wake papo hapo: mashine yajua mahali ambapo jengo laweza kukaa, haijui kwa nini mtu angelijenga hapo. Binadamu hujenga karibu na maji, au juu ya njia ya wafanya biashara, au mbali na adui. Mashine hujenga kwa kuwa zamu ya mraba ule imefika.

Upungufu huu huonekana zaidi katika majumba makubwa ya msituni yaliyoingizwa mwaka 2016. Jumba hilo lina vyumba vya siri, mazulia na maadui wenye mashoka, na bado halitishi hata kidogo baada ya robo saa, kwa sababu hakuna chumba kimoja kinachojibu chumba kingine. Nani alikuwa akilala hapa? Chakula kilitoka wapi? Vile vijiji vilivyokumbwa na maiti walio hai ni afadhali, kwa kuwa milango na taa vimeondolewa, na mlango uliokosekana husema zaidi kuliko fuvu. Kwa bahati mbaya wabunifu waliona haya haitoshi, wakatanda utando wa buibui kila pembe. Utando wa buibui ni kama kivumishi kwa mwandishi mchanga: akikosa la kusema hukiongeza.

Sifa kamili naiweka kwa mji wa kale wa chini ya ardhi ulioingizwa mwaka 2022. Humo anaishi mlinzi mkubwa asiye na macho, ambaye husikia nyayo. Mchezaji hunyata gizani, na katika kunyata huko hugundua kuwa mitaani mumetandikwa sufu na mazulia. Sufu hunyonya sauti. Ndipo anapotambua, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba wenyeji wa mji ule walikuwa wakinyata pia, na kwamba tahadhari yao haikuwafaa. Hapo hapana utando wala fuvu lililohitajika. Iliyotia hofu ni akili ya mtu aliyekwisha kuondoka, iliyobaki katika kitu alichokiweka kwa mkono wake. Katikati ya mji pana fremu kubwa isiyoelezwa kazi yake, na wabunifu wakawa na busara ya kunyamaza.

Sasa nije Ugogo. Mpwa wangu, kijana anayesoma Dodoma, alinionyesha jengo alilokuwa akilitengeneza ili mashine ilitawanye katika mbuga za mchezo huo. Mchezo waruhusu hivyo: mtu hujenga mfano, akauhifadhi, akaandika katika mafaili masharti ya mahali na wingi wake, na tangu hapo dunia mpya huzaliwa nao. Alikuwa amechoka, alisema, na majumba ya Kizungu. Alitaka kitisho cha nyumbani. Nilifurahi sana, mpaka nilipoliona. Lilikuwa tembe la mchawi: tembe la Kigogo, lenye paa la bapa na kuta za udongo, mafuvu mlangoni, utando ndani, na ukutani picha nyekundu za watu warefu alizoziiga katika michoro ya Kolo. Chini ya sakafu aliweka sanduku la dhahabu.

Nilimwuliza, "Usiku wako wa kwanza katika mchezo huu ulijenga nini?"

Akacheka. "Kibanda cha udongo, mjomba. Kila mtu hujenga hicho. Unaogopa, usiku unaingia, huna kitu kingine."

"Paa lake?"

"Bapa."

Basi alikuwa amejenga tembe. Mamilioni ya watoto wa dunia nzima, ambao hawajapata kusikia jina la Ugogo, hujenga tembe usiku wao wa kwanza kwa sababu ile ile waliyoijenga wazee wetu. Nyumba ile ya nguzo, fito na udongo, iliyozunguka ua wa ng'ombe, fupi kiasi cha kumfanya mgeni ainame, haikuwa ya giza kwa ujinga wa mjenzi. Katika nyanda kavu ambazo mvua yake ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, miti mirefu ni adimu na jua ni kali. Udongo mzito wa paa huzuia joto, na haushiki moto upesi kama nyasi. Ng'ombe walikaa katikati kwa kuwa simba na wanyang'anyi walikuwa nje. Tembe ni jibu la hofu. Mtu anayeligeuza kuwa chanzo cha hofu hajamtisha mchezaji. Amemfundisha kuikimbia nyumba ya bibi yake. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa maana tembe limekwisha kusemwa vibaya mno, na zaidi ya mara moja limehesabiwa miongoni mwa mambo ya kuondolewa ili watu waonekane wameendelea. Vijana wengi wa mjini hawataingia ndani ya tembe maishani mwao, na huenda la mchezoni likawa ndilo la pekee watakalolijua.

Haina maana kwamba Ugogo hauna cha kuogofya. Unacho, nacho ni hame. Tembe lililoachwa halibaki gofu kama zilivyobaki kuta za matumbawe za Gedi huko pwani ya Kenya. Paa likishanyeshewa bila ya kukarabatiwa, mchwa wakashika nguzo, huanguka ndani. Kuta huyeyuka juu yake, na baada ya masika kadhaa pana tuta la udongo tu. Anayepita huweza asione kitu. Lakini mwenye macho huona jiwe la kusagia lililolika katikati, mafiga matatu yaliyoelekeana bila ya moto, safu ya minyaa iliyonyooka mno kuwa ya porini, na pale palipokuwa zizi, nyasi zilizostawi kuliko za jirani kwa ajili ya samadi ya ng'ombe ambao hawapo. Hapo moyo husimama kidogo. Walikwenda wapi? Pengine ni njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyowatawanya Wagogo wengi baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, mifugo na watu wao. Pengine ni mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipohamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Udongo hausemi, na kutosema kwake ndiko kunakotisha. (Kongwa nako kuna masalio ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzishwa mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951, ni masalio ya kusikitisha, na kwa namna fulani ya kuchekesha, lakini sijapata kuyaogopa.)

Na tazama jinsi hame linavyoufaa mchezo huu. Mchemraba wa tope uliingizwa mwaka 2022, nao mtu akiuchanganya na ngano hupata udongo mgumu wa kujengea, jambo ambalo mwashi yeyote wa kijijini angelitambua. Tuta, mawe matatu, mstari wa miti, kiraka cha majani: mashine yaweza kuvipanga kwa urahisi. Zaidi ya hayo, hame huweza kupewa sababu. Mbunifu aweza kuandika sharti kwamba lizaliwe penye nchi ya mbuga tu, na karibu nalo aweke kisima kilichokauka kama sehemu ya jengo lenyewe. Mchezaji akikiona kisima ameiona sababu, na hakuna aliyemhutubia. Asiliweke kwa wingi pia. Fumbo likikutwa mara kumi kwa siku moja huwa ni alama ya barabarani.

Limebaki la mzimu, na hapa nilimkatalia kijana bila ya kulegea. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ni mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150, na Mary Leakey aliinakili mingi yake mwaka 1951. Mengi ya maandishi juu yake huzungumzia rangi na umri. Lakini Mongomi wa Kolo si jumba la maonyesho pekee. Wenyeji wamekuwa wakienda huko kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Anayepanda pale kwa heshima husikia uzito wa mahali, nao watoka kwa watu walio hai, wenye majina, ambao huenda walikuwapo juma lililopita. Kuinyofoa michoro hiyo, kuibandika katika nyumba ya mchawi na kuitawanya mara elfu katika dunia za watoto ni kuwaambia kwamba sala ya jirani ni uchawi. Sitaki kutia chumvi: mchezo haujabomoa mwamba wowote. Hata hivyo lile sanduku la dhahabu chini ya sakafu lilinitia wasiwasi kuliko mafuvu yote. Nchini mwetu uvumi wa hazina iliyofichwa na Wajerumani haujafa, na wapo wanaochimba mahali pa kale kwa kuamini kwamba palipo na siri pana mali. Mchezo unaoweka sanduku katika kila gofu humfundisha mchezaji imani hiyo hiyo: kwamba mahali pa waliotangulia panastahili kutembelewa kwa sababu ya kitakachochukuliwa.

Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu, nami sikudhani kuwa nimemshinda. Baada ya siku chache aliniita nitazame. Mafuvu na picha vilikuwa vimeondoka. Katika mbuga palikuwa na tuta la udongo, mawe matatu, mstari wa miti na kisima kikavu, na jua la mchezo lilikuwa likizama. Nikasema ni vizuri. Nikamwuliza sanduku liko wapi.

"Nimelitoa, mjomba," akasema. "Lakini wachezaji watapita tu. Nimewajaribu wenzangu wanne. Watatu hawakusimama."

Nikamwuliza wa nne alifanya nini.

"Alizunguka lile tuta. Kisha akaniuliza kama kuna watu chini."