Kapu la Socrates Redioni

Mchezo wa redio wa kuchekesha unaotokea Ugiriki ya kale, kama Acropolis Now uliorushwa na BBC Radio 4 mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupimwa kwanza kwa swali moja: utani huu ukihamishiwa London ya leo, utapungukiwa na nini? Kama haupungukiwi na chochote, Athene ni pambo tu. (Na ole wake anayewavika Waathene toga; hilo ni vazi la Waroma.)

Athene ina utani wake. Raia waliweza kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10 kwa kukwaruza jina lake kwenye kigae. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kuwa siku ya kura ya namna hiyo, mtu asiyejua kuandika alimwendea Aristides, kiongozi wa Athene, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. "Amekukosea nini?" Aristides akauliza. "Hajanikosea, hata simjui. Nimechoka tu kusikia kila mahali akiitwa Mwadilifu." Aristides akaandika. Mwandishi stadi wa redio akilipata tukio hilo atatuachia kimya kifupi, kisha mkwaruzo wa kigae, basi. Mbabaishaji ataongeza sentensi ya kutueleza kwamba Aristides amejiandika mwenyewe.

Vicheko vya watu walioalikwa studioni mimi sivipi alama. Walioketi pamoja hucheka kirahisi.

Sauti ndiyo ya kukaziwa sikio. Waigizaji wa Aristophanes, mwandishi wa vichekesho wa Athene, walivaa vinyago, na mmoja aliweza kubeba wahusika kadhaa, hivyo watazamaji nao walitegemea sana sauti kumjua nani ni nani. Sikiliza dakika chache bila kufuata majina: je, unajua anayeuliza ni mwanafalsafa Socrates na aliyechoka kuulizwa ni Xanthippe mkewe? Wahusika wakiitana majina kila wanapofungua kinywa, mwandishi hakuwapa tabia zinazotofautiana.

Kipimo kigumu zaidi ni kapu. Katika Mawingu, mchezo wa mwaka 423 KK, Aristophanes alimning'iniza Socrates hewani ndani ya kapu. Jukwaani kapu lilionekana. Redioni linahitaji kamba inayolalamika kwa uzito, na Socrates anayesema akiwa mbali kidogo na maikrofoni, huku aliye chini akilazimika kupaza sauti. Ukisikia mtu akisema, "Kumbe Socrates umo kapuni, tena juu hivyo!", punguza alama.