Tazama Safu ya Nyuma: Mwongozo wa Kumpima Mkurugenzi wa Baleti

Mcheza baleti mashuhuri akiteuliwa kuongoza kundi, magazeti hujaa picha zake za ujana, na wapenzi wa sanaa husadiki kwamba aliyeruka juu vile hatashindwa kuongoza. Picha hizo hazikuambii unachotafuta. Tafuta video anayocheza na mwenzake, kisha mtazame mikono.

Katika ngoma ya wawili, mwanamume hupokea uzito wa mwanamke aliyesimama kwenye ncha za vidole. Mchezaji wa kawaida humdaka: mkono unachelewa, unakaza ghafla, na kiuno cha mwanamke kinatikisika. Mchezaji bora mkono wake umeshafika kabla ya uzito kufika, wala huuoni ukifika. Aliyejua kumshikilia mwenzake bila kujivutia macho ameshaanza kujifunza ukurugenzi.

Arthur Mitchell alikuwa na mikono hiyo. Alizaliwa New York mwaka 1934, akakulia mtaa wa Harlem, na mwaka 1955 akaingia New York City Ballet chini ya George Balanchine. Miaka miwili baadaye Balanchine alimtungia yeye na Diana Adams ngoma ya wawili katika baleti ya Agon, kwa muziki wa Igor Stravinsky. Mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu wameshikana mikono mbele ya Marekani ya 1957. Ujasiri huo umeandikwa sana, na unastahili. Lakini jicho la fundi litazame pia ugumu wenyewe. Mwanamke anavutwa mbali na mhimili wake kiasi kwamba mkono ukikosea kidogo tu, anaanguka. Kuna mahali mwanamume analala chali sakafuni na bado anamshikilia.

Baada ya mikono kuna utunzi, nao ndio unaowaangusha wengi. Mchezaji akianza kutunga, hutungia mwili anaoujua, yaani wake mwenyewe. Rudolf Nureyev, aliyeongoza baleti ya Opera ya Paris kuanzia 1983 hadi 1989, aliyajaza matoleo yake ya ngoma za kale hatua juu ya hatua, hasa kwa wanaume, na mengine nayaona yamesongamana hadi muziki unakosa pumzi. Hata hivyo, Nureyev huyohuyo ndiye aliyempandisha Sylvie Guillem hadi daraja la juu kabisa mwaka 1984, binti wa miaka 19. Usichanganye vipimo basi. Mitchell naye alitunga, na simlinganishi na Balanchine kwa utunzi. Ukubwa wake uko kwingine.

Martin Luther King alipouawa Aprili 1968, Mitchell aliamua kurudi kufundisha mtaani kwao. Mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake Karel Shook, alianzisha Dance Theatre of Harlem, shule na kundi. Mwanzoni walifundishia kwenye gereji, milango ikiachwa wazi, na watoto waliokuwa wakipita wakasimama kutazama, kisha wakaingia.

Hapa ndipo kipimo changu kikubwa kinapoanzia. Mkurugenzi mzuri huliona tatizo ambalo wengine wamelizoea. Kwa desturi, taiti na viatu vya baleti ni vya rangi ya waridi, rangi iliyochaguliwa kuurefusha mguu wa mtu mweupe ili macho yateremke kutoka nyonga hadi kidole bila kukwama popote. Mvalishe mchezaji Mweusi taiti hiyohiyo, na mwili unakatika kiunoni: juu mtu mmoja, chini miguu ya mwingine. Katika miaka ya 1970 Mitchell aliagiza taiti na viatu vitiwe rangi ya ngozi ya kila mchezaji, mmoja mmoja. Wapo wanaolisimulia hilo kama jambo la heshima tu. Mimi nasema ni ufundi: mstari wa mguu ulirudishwa mahali pake. Miongo kadhaa baadaye, kampuni ya viatu ya Freed of London ilianza kuuza viatu vya kahawia, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, mwaka 2018.

Jicho hilohilo liliitazama baleti ya Giselle. Hadithi ya kale ni ya msichana wa kijijini anayedanganywa na mwana wa ukoo mkubwa aliyejificha kama mtu wa kawaida. Mwaka 1984 Mitchell aliihamishia Louisiana ya miaka ya 1840, kwenye jamii ya Weusi walio huru, ambako hadhi ya familia ilipimwa kwa vizazi vilivyopita tangu itoke utumwani. Ghafla pengo kati ya wapenzi hao wawili likapata uzito ambao mavazi ya kifalme hayakuwahi kulipatia. Na hatua? Hatua zilibaki zilezile za jadi, zikisimamiwa na Frederic Franklin. Ukiona toleo jipya la ngoma ya kale, uliza swali hilo kwanza: mandhari imezipa hatua sababu mpya, au imezifunika?

Sehemu ya pili ya Giselle ndiyo mtihani wa mkurugenzi yeyote. Mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa inavuka jukwaa kwa safu, ikirukaruka kwa mguu mmoja, mwingine umenyooshwa nyuma. Watazamaji wengi huangalia miguu. Angalia vichwa na shingo, hasa vya yule wa mwisho pembeni, ambaye hakuna mwandishi atakayemtaja. Akiwa anapumua na wenzake, mkurugenzi alikuwepo mazoezini. Akiwa anahesabu kimoyomoyo, utamwona usoni.

Subiri pia mwasisi aondoke. Mwaka 2004 madeni yalilisimamisha kundi la Harlem, lakini shule iliendelea. Lilirudi jukwaani mwaka 2012 likiongozwa na Virginia Johnson, aliyecheza Giselle mwaka 1984. Mitchell alifariki mwaka 2018, na tangu 2023 uongozi uko kwa Robert Garland, aliyecheza humohumo. Tafuta Return, ngoma ya Garland ya 1999 inayochezwa kwa nyimbo za James Brown na Aretha Franklin. Nyonga zinacheza mtindo wa mtaani, lakini teremsha macho hadi chini: kila mguu unaoacha sakafu umenyooshwa mpaka kidole cha mwisho.