"Muda wa Kawaida" au "Muda wa Kukolea"?

Imeletwa kwetu rasimu ya mwongozo wa kuchapa picha za buluu ili istilahi zake zisanifiwe. Ufundi wenyewe si mpya: John Herschel aliuvumbua huko Uingereza mwaka 1842, na kwa miaka mingi wachoraji wa ramani za majengo waliutumia kunakili kazi zao. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili zenye chuma, hukaushwa gizani, hufunikwa kwa negativu, humulikwa kwa jua au kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kisha huoshwa kwa maji.

Kwa tendo la kuiweka karatasi juani mfasiri ametumia "kuanika". Neno ni zuri, lakini kinachoanikwa hutakiwa kikauke, na karatasi hii ilikwisha kukauka. Tunapendekeza "kumulika", ambalo linafaa jua na taa pia.

Ugomvi wetu hasa ni juu ya "muda wa kawaida". Katika Kiswahili jambo la kawaida ni lile lililozoeleka. Mwalimu akisoma hivyo atatafuta idadi ya dakika aiandike ubaoni, na wanafunzi wake wataharibu bunda zima la karatasi, kwani idadi hiyo haipo. Jua la saa sita mchana si la saa kumi na moja jioni, na karatasi hazilingani. Dhana inayokusudiwa ni muda mfupi kabisa unaotosha kuifikisha karatasi, chini ya sehemu angavu ya filamu, kwenye buluu yake ya mwisho, ambayo mwanga zaidi hauiongezi kitu. Watia rangi nguo wanalo neno la hali hiyo: rangi imekolea. Basi na tuseme "muda wa kukolea".

Hebu tulipime neno hilo kazini. Kipimo cha ngazi 21 ni ukanda wa filamu ambao kila ngazi mbili hupunguza mwanga kwa nusu. Tuseme karatasi imemulikwa chini yake kwa dakika 16, na ngazi tano za kwanza zimetoa buluu moja isiyotofautiana, ya sita ikaanza kufifia. Ngazi nne zimekolea bure. Kwa hiyo dakika zigawanywe kwa mbili mara mbili, zibaki 4. Fundi aliyeambiwa atafute kukolea ataliona hilo kwa macho yake. Aliyeambiwa "kawaida" atatazama saa tu. Tena atajua kusubiri, kwa kuwa buluu hii hupauka katika maji na kuzidi karatasi inapokauka. Kuihukumu ingali mbichi ni kukosea hesabu.

Limebaki "kituo", alilolitumia mfasiri kwa ongezeko la mwanga mara mbili. Sauti ya neno la kigeni ndiyo iliyomponza: kituoni husimama basi. "Maradufu" latosha, na kila fundi analifahamu.