Tarumbeta, Siwa na Baragumu: Maneno Yasiyo Visawe

Neno tarumbeta limekwisha kukaa katika Kiswahili, wala hatuna haja ya kulitafutia badala. Lawama yetu ni juu ya matumizi yake. Baadhi ya wafasiri hulichukua kuwa kisawe cha siwa na baragumu, wakaridhika kulieleza kuwa ni ala ya shaba ya kupulizwa. Fasili hiyo haitoshi. Siwa ya Lamu ni ya shaba, na ya Pate ni ya pembe za ndovu; zote mbili hupulizwa ubavuni, ilhali tarumbeta hupulizwa nchani. Baragumu ni pembe ya mnyama. Kiebrania nacho hutenga shofar, pembe ya kondoo, na ala nyingine ya fedha. Mfasiri akiziita zote tarumbeta, huwa amefuta tofauti ambayo Kiswahili kina maneno ya kuionyesha.

Kigezo cha pili ni namna sauti zipatikanavyo. Tarumbeta ambayo Bach aliiandikia katika konseto ya pili ya Brandenburg, mkusanyo aliomtunukia mtawala mwaka 1721, ilikuwa bomba tupu. Mpigaji alibadili sauti kwa midomo na pumzi tu, naye ilimpasa apande juu sana, ambako sauti hukaribiana, ndipo aweze kupiga wimbo mzima. Mwaka 1796 Haydn alimtungia Anton Weidinger konseto ya tarumbeta yenye matundu na vifuniko vya kubonyeza. Vali zilipata hataza huko Prussia mwaka 1818, kwa majina ya Stölzel na Blühmel. Kwa hizo ala ya vita na ya sherehe za watawala iliweza kupiga kila sauti ya ngazi, chini na juu. Muziki wa Louis Armstrong umesimama juu ya vali hizo.

Kwa hiyo twapendekeza tarumbeta liwe jina la bomba lipulizwalo nchani, na mfasiri aongeze "yenye vali" au "isiyo na vali" pale historia idaipo. Buruji ibaki kwa ala ya askari. Matarumbeta ya arusini, yaani kundi zima pamoja na saksafoni na ngoma, yaendelee katika mazungumzo, lakini yasiingie katika orodha ya istilahi kama jina la ala moja. Mwalimu asiyetaja sifa hiyo anapomfundisha Bach humfanya mwanafunzi aone vali ambazo zilikuwa bado karibu miaka mia kubuniwa.