Fundi Anayeanza kwa Kuuliza Friji Limekaa Wapi

Julai ikiingia Tunduma, mafundi wa friji hupokea lalamiko ambalo ni nadra kusikika Dar es Salaam. Friza ya juu inayeyusha, lakini chini, yalipo mayai na mboga, ubaridi uko palepale. Nyama imelegea, askrimu zimegeuka maji. Mwenye friji amekwisha kutoa hukumu: gesi imeisha. Mara nyingi gesi iko yote.

Hapo ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Hafungui mtungi wa gesi. Huuliza friji limekaa wapi, tatizo lilianza mwezi gani, chumba kinakuwaje alfajiri kabla jiko halijawashwa. Kisha hupitisha kiganja nyuma ya friji. Mabomba yakiwa na joto, mashine inafanya kazi yake ya kuhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Yakiwa yamepoa na kompresa imenyamaza, hakimbilii kusema imekufa. Hujiuliza kwanza kama kuna aliyeiamuru iwake.

Anayetoa amri hiyo ni themostati. Friji nyingi zenye milango miwili zina themostati moja tu, nayo hupima ubaridi wa sehemu ya chini, si wa friza. Chumba kikipoa sana usiku, sehemu ya chini hubaki baridi bila msaada wa kompresa. Themostati huridhika, kompresa hulala, na friza iliyo juu huanza kuyeyusha taratibu. Friji nyingi zinazouzwa nchi za joto zina kibandiko chenye herufi T, maana yake zimetengenezwa kufanya kazi kwenye chumba chenye nyuzi 16 hadi 43. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda za Mbozi, jirani na Tunduma, hushuka chini ya hapo. Dawa yake basi ni kulihamishia friji kwenye chumba chenye joto zaidi. Hakuna kipuri cha kununua, na fundi aliyesema ukweli huo huondoka na ujira mdogo.

Themostati ya zamani ilistahili heshima iliyopewa. Ndani yake mna mrija mwembamba wa chuma uliofungiwa gesi kidogo. Friji likipata joto, gesi hutanuka, husukuma kifuko kilichokunjwakunjwa, na swichi hulia tik. Namba 1 hadi 7 kwenye kitasa si nyuzi za joto, zinaonyesha tu springi imekazwa kiasi gani. Fundi mzoefu aliweza kuipima kwa kuzungusha kitasa na kutega sikio. Akiwa na shaka, alizima umeme, akachomoa nyaya zake mbili, akaziunganisha na kuwasha tena. Kompresa ikinguruma, mkosaji ni themostati. Isiponguruma, safari inaendelea hadi kwenye relei. Na akishapata jibu alizitenganisha. Siku hizi wapo wanaoziacha zimeungwa hivyohivyo, friji likanguruma usiku kucha na kumaliza uniti za umeme wa LUKU, mwenyewe akidhani limepona.

Swali la fundi, kama kuna aliyeiamuru mashine iwake, ndilo linaloulizwa pia Ulaya katika nyumba zinazopashwa joto kwa mashine za jamii ya friji. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza mwaka 1852 jinsi mashine kama hiyo inavyoweza kupasha jengo joto kwa kuvuta joto kutoka nje. Leo themostati zake huunganishwa na intaneti na kuamriwa kwa simu, lakini nyumba ikipoa bado lazima ijulikane: amri haikutolewa, au imetolewa na mashine haikutii?

Huku kwetu, uharaka wa kujaza gesi kabla ya kuuliza unauma zaidi kuliko nyaya zilizoachwa zimeungwa. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za friji za jamii ya R-134a, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Bado inaachiwa hewani uani ili ijazwe nyingine, kwa friji lisilovuja popote. Ikizidishwa Julai, huenda madhara yasionekane. Oktoba joto linaporudi ndipo kompresa inapoelemewa, na aliyeijaza hayupo tena kuulizwa.

Friji mpya zimeondoa ile tik. Mahali pa mrija pamekaa sensa ndogo, na maamuzi yanafanywa na bodi. Hata hivyo ufundi ungeweza kuendelea. Sensa ikitumbukizwa kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka, iko kwenye nyuzi sifuri, na ukinzani wake unapaswa kuwa mkubwa kuliko ilipokuwa mkononi. Mita ya kawaida inatosha kuuonyesha. Kipimo hicho kinataka bakuli na subira. Badala yake bodi nzima hutupwa, na bodi ikikosekana dukani, friji huwa kabati la kuhifadhia unga.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii wana bidii, na simu zao zimejaa video za mafundi wa miji ya mbali yenye joto mwaka mzima. Wanajifunza kuchomelea bomba la shaba vizuri kuliko wazee wao. Lakini katika video hizo hakuna jiko la Tunduma saa kumi na moja alfajiri, na wazee waliojua kuliulizia hawakuliandika popote.