Taa za Hemani Hukaguliwa Mchana

Ukitaka kujua kama fundi wa taa za mapambo anaijua kazi yake, usiende usiku. Usiku kila kamba ya taa inapendeza, hata ile itakayounguza turubai kabla wageni hawajaondoka. Nenda alasiri, taa zikiwa zimezimwa, uangalie plagi ilivyokaa, waya ulivyopita na viungo vilivyofungwa.

Haya yanawahusu wanaosimamisha mahema ya harusi Gitega wakati wa kiangazi, na pia wanaopiga kambi upande wa Muyinga, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu. Mjini Gitega kuna umeme wa REGIDESO, unaokuja na kukatika. Porini kuna betri tu na paneli ya sola. Jicho la kukagua ni lilelile.

Anza na plagi. Bidhaa nyingi hufika Muyinga kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Tanzania hutumia plagi ya meno matatu bapa, ilhali soketi za Burundi zina matundu ya mviringo. Mwenye haraka hukata plagi, akachuna nyaya na kuzichomeka zikiwa uchi, akizibana kwa njiti za kiberiti. Ukiona njiti, usiendelee kukagua. Mwambie afungue kila kitu.

Lakini hata aliyefunga plagi mpya kwa usafi huenda amepoteza kitu bila kujua. Ndani ya ile plagi ya meno matatu mna fyuzi ndogo, na kwa waya mwembamba inafaa iwe ya ampea 3. Plagi ya mviringo haina fyuzi. Kinga inayobaki ni breka ya ukutani, ambayo kwa soketi kwa kawaida ni ya ampea 16. Waya wa nusu milimita ya mraba umetengenezwa kubeba ampea 3 hivi. Ukibebeshwa 10 utapata moto na ganda lake litalainika, na breka haitajua lolote, kwa sababu kwake 10 ni kidogo. Fundi anayestahili jina hilo huweka fyuzi yake ndogo kati ya soketi na taa. Ukiikuta, umpe heshima yake. Ni wachache wanaoikumbuka.

Waya wenyewe ujaribu kwa wembe. Kwangua ncha: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Weupe ukijitokeza, hiyo ni alumini au chuma iliyopakwa shaba. Ukiwa na sumaku utajua ni ipi, maana sumaku hunata kwenye chuma. Nyaya za namna hiyo hupitisha umeme kwa shida, hupata joto, tena hukatikia ndani zikikunjwa mara kadhaa.

Viungo ndivyo vinavyomtenganisha fundi na mbabaishaji. Kiungo kizuri kimebanwa kwa skrubu au kwa risasi ya kulehemu, kimo ndani ya kiboksi kilichofungwa, na kimening'inia juu ya ardhi. Kiungo kibaya ni nyaya zilizosokotwa kwa vidole zikaviringishiwa tepu. Watakuambia ni Julai, hakuna mvua. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na alfajiri ya kiangazi nyasi huwa zimelowa umande. Gundi ya tepu hulegea, unyevu huingia, na mtoto anayepita peku ndiye anayeupata umeme.

Kisha tazama waya unavyoingia kwenye soketi au kiboksi. Ukishuka moja kwa moja kutoka juu, maji yataufuata hadi ndani. Fundi mzuri huuacha ushuke chini ya soketi, ufanye tumbo dogo, ndipo upande tena kuingia. Tone la maji huishia kwenye lile tumbo na kudondoka. Kitu hiki hakigharimu hata faranga moja. Mimi nikikiona nakuwa nusu nimesharidhika.

Uzito wa taa usibebwe na waya wa umeme. Itangulie kamba ya nailoni au ya katani kati ya nguzo, taa zifungwe juu yake, na zilegezwe kidogo, hasa zikifungwa kwenye mikaratusi, maana miti hiyo huyumba sana na upepo ukitokea. Misumari haina kazi hapa.

Kuhusu mzigo, LED imerahisisha mambo. Kamba kumi za wati 10 ni wati 100, chini ya nusu ampea kwenye volti 220. Balbu za zamani za wati 25, zikiwa ishirini, hula zaidi ya ampea mbili na huwa za moto kiasi cha kuharibu plastiki ya turubai. Waya wa kuongezea ulioviringishwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, kwa sababu ukibaki umejikunja joto halina pa kutokea.

Huko Ruvubu watu hudharau volti 12. Ni kweli haziwezi kukurusha, lakini nyaya za betri zikigusana huwaka, hivyo fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Betri ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, kamba ya wati 10 itawaka saa nne. Zinatosha. Chagua mwanga wa njano, kwani ule wa buluu huita wadudu, na uzime mnapolala: usiku viboko hutoka mtoni kula majani, nao hawahitaji mapambo. Kama kuna jenereta, ikae mbali na mahema, moshi ukipeperushwa upande wa pili. Sumu yake haina harufu na huua waliolala.

Kwenye umeme wa mjini, dai swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, yenye kitufe cha T. Kabla hujamlipa fundi salio lake, washa taa zote, kisha kibonyeze mwenyewe. Zisipozimika zote papo hapo, salio libaki mfukoni mwako.