Buruji Haipulizwi na Spika

Gadi ilisimama vizuri. Kamanda wa gwaride ana sauti inayofika hadi nyuma ya mahema, mguu sawa ulipigwa kwa kishindo kimoja, na mkuki, ngao, sime, upinde, mshale na shoka viliwekwa mnarani kila kimoja kwa zamu yake. Sina la kuongeza hapo. Leo nina neno moja tu, nalo ni buruji.

Mliokuwepo Julai 25, Siku ya Mashujaa, mliona wenyewe. Sitataja wilaya wala kamati, kwa sababu uamuzi nitakaoueleza nimeuona zaidi ya mahali pamoja mkoani Mara na sitaki lawama imwangukie mtu mmoja. Mshereheshaji alitangaza buruji ya maombolezo, tukasimama. Nikamtafuta mpulizaji kwa macho. Mahali pake panajulikana: hatua chache kando ya gadi, peke yake, anapoiona bendera bila kugeuza shingo. Hapakuwa na mtu. Kikasikika kwanza mkwaruzo wa spika, kisha buruji ya kurekodiwa. Chini ya mwavuli, kijana wa muziki alikuwa ameinamia kompyuta mpakato, kidole kwenye kitufe.

Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa kabla hata halijaharibu kitu. Kisha likaharibu.

Askari wa bendera alianza kuishusha taratibu kama alivyofundishwa. Ilipokaribia nusu mlingoti, kamba ikakwama kwenye kapi. Mambo hayo hutokea, hasa pale ambapo upepo wa ziwa unaivuta bendera upande. Alifanya sawasawa kabisa: hakutikisa bega, hakutazama juu, aliivuta kamba kidogo mara mbili kwa kifundo cha mkono. Mpulizaji wa kweli angemwona. Angeishikilia ile sauti ndefu sekunde nne au tano zaidi, bendera ingefika, na uwanja mzima usingejua kwamba kulikuwa na tatizo. Rekodi haina macho. Iliendelea, ikamaliza, bendera bado iko juu.

Halafu ikaja dakika ya ukimya. Kwa kuwa faili lilikuwa moja, maombolezo, pengo na kuamsha vikiwa vimeunganishwa, pengo hilo ndilo likawa dakika yetu. Nililihesabu: sekunde tisa. Kwenye sekunde ya kumi buruji ya kuamsha ikalia, na yule askari, ambaye ndiyo kwanza kamba ilikuwa imemwachia, akajikuta anatakiwa kuipandisha bendera ambayo hajamaliza kuishusha. Alimtupia jicho kamanda wake. Kamanda hakuwa na amri ya kutoa, maana kompyuta haipokei amri ya gwaride.

Buruji ni bomba la shaba lililokunjwa, halina vitufe kama tarumbeta. Sauti zake chache zote zinatoka kwenye midomo na pumzi ya mtu. Ndiyo sababu haiendi haraka kuliko kifua cha anayeipuliza, na ndiyo sababu jeshi likampa mtu huyo nafasi ya kusimama peke yake: kwa dakika zile yeye ndiye anayeongoza bendera, gadi na umati. Ukimwondoa, shughuli haina kiongozi. Niliambiwa baadaye kwamba mpulizaji angehitaji nauli na mahali pa kulala. Mahema yalikodiwa. Viti vya wageni vilikodiwa na kuvishwa vitambaa. Spika zenyewe zilikodiwa.

 

Ni lazima niseme kwa nini jambo hili linaniuma kuliko zamani. Vita ya Kagera nchi iliielewa. Adui alivuka mpaka, tukajua ametoka wapi, na waliokufa wana makaburi yao Kaboya, Muleba, yanayojulikana. Lakini askari wetu waliouawa kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 7, 2017, walikufa katika vita ambayo ukiuliza kwenye mwalo wa Musoma au stendi ya Bunda utajibiwa kwa swali: vijana wetu wanatafuta nini kule? Aprili 2024 watatu wengine wakafa kwa kombora huko huko Kongo, wakiwa na kikosi cha SADC, na Machi 2025 wakuu wa nchi wakaamua kikosi hicho kiondoke. Mimi sibishani na anayeuliza. Ninachosema ni kwamba mzazi wa askari wa vita ya namna hiyo hana nyimbo za mapokezi wala hadithi ya ushindi ya kuwasimulia majirani. Ana mnara, bendera na buruji. Tukimkatia dakika moja kuwa sekunde tisa, tumemkatia karibu kila alichonacho.

Na mkoa huu ndio ungepaswa kulijua hilo kuliko mikoa yote. Jenerali David Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920 na kuzikwa Butiama baada ya kufariki Oktoba 29, 2024. Watu wanamkumbuka kwa Divisheni ya 20 katika Vita ya Kagera na kuanguka kwa Kampala, Aprili 11, 1979. Mimi namkumbuka pia kama mwalimu wa askari. Aliingia jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) mwaka 1942, na mwaka 1947 alikuwa mkufunzi Kahawa, Kenya, ambako Idi Amin alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Kizazi kile kilijifunza gwaride kwa miguu na kulifundisha kwa miguu. Oktoba 23, 1999, tulipomzika Mwalimu Nyerere pale Mwitongo, Butiama, askari walitembea mwendo wa pole kwa namna ambayo hata watoto walinyamaza. Sijaona mwendo kama ule tangu siku hiyo. Siku hizi mwendo wa pole unaharakishwa kana kwamba kuna gari linasubiri.

Baada ya shughuli nilipanda gari moja na mzee aliyekuwa ameketi na wastaafu wenzake, medali zake bado kifuani. Alikuwa anarudi Bunda. Nilimwamkia, nikamuuliza ameionaje sherehe. Hakujibu mpaka tulipofika Makutano.

"Mwanangu, mimi ile dakika huwa nawataja wenzangu," akasema. "Kimoyomoyo. Kila mwaka nawataja wote kumi na mmoja, na muda unabaki."

Nikamuuliza mwaka huu alifika wapi.

Akakunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akasimama kwenye cha tatu. Kisha akaendelea kuwataja waliobaki, taratibu, midomo ikicheza bila sauti, gari likiwa limesimama pale Makutano likipakia abiria.